Huyu Iko na Mkono: Tunamkumbuka Mukarugwiza Spéciose

Wasikilizaji wapendwa, niwieni radhi kwa sauti yangu leo. Sina mafua. Nimechoka tu kuwasomea majina ya watu wema waliotutoka. Lakini jina la leo nitalisoma mara mbili.

Mukarugwiza Spéciose. Narudia, Mukarugwiza Spéciose, mkazi wa Batsinda, msaidizi wa madaktari wa meno kwa miaka thelathini na mmoja. Alifariki Jumanne. Tumemzika jana.

Alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake alikuja nacho kutoka huko. Hapa Kigali alifanya kazi katika shule moja ya udaktari wa meno. Kila mgonjwa aliyeketi kitini alimwambia, "Ukisikia maumivu, inua mkono wa kushoto. Watasimama." Waswahili husema dawa ya jino ni kung'oa. Mama huyu aliongeza, "Kwa ruhusa ya mwenye jino."

Miaka mitatu iliyopita, shule ilileta miwani ya uhalisia pepe. Mwanafunzi anaivaa, anaona kinywa, anashika kifaa na kutoboa gego ambalo halipo. Akikosea, hakuna anayeumia. Ni kitu kizuri, wasikilizaji wapendwa, sikidharau. Ila mgonjwa wa ndani ya miwani ana kichwa na kinywa. Mikono hana.

Daktari Clovis, wakati huo mwanafunzi, alikuwa akipata alama za juu kuliko wenzake wote. Siku ya mgonjwa wake wa kwanza wa kweli, mlinzi mmoja mzee kutoka Nyarutarama, alitoboa vizuri sana. Mlinzi akainua mkono. Clovis akaendelea. Mlinzi akauinua juu zaidi. Clovis akaendelea.

Mama Spéciose akamshika kiwiko. "Docteur, huyu iko na mkono."

Clovis ananiambia, "Sikumdharau yule mzee. Sikuuona mkono. Macho yangu yalikuwa hayajazoea kuutafuta."

Tangu siku hiyo, Mama Spéciose aliketi kwenye kigoda kando ya kila mwanafunzi aliyevaa miwani. Kila mmoja. Alimvuta mkono wa koti wakati wowote apendao yeye. Asiyesimama alianza upya. Wanafunzi walinung'unika.

"Mama, mashine imenipa tisini!"

"Mashine ilishaumwa jino?"

Kazi hiyo haikuwa kwenye mkataba wake. Miguu ilimvimba. Binti yake, Raïssa, anasema, "Alikuwa anafika nyumbani, anakaa mlangoni na viatu. Nguvu ya kuvivua hana. Namwambia, Mama, pumzika basi, buhoro, polepole. Ananijibu, nikipumzika, nani atakuwa mkono wa wagonjwa wao?"

Nilimuuliza Raïssa kama mama yake aliwahi kulalamika. Akacheka kwa uchovu. "Kila siku! Na kila asubuhi anaenda."

Mwezi huu kiharusi kilimnyang'anya sauti. Jumapili, hospitalini, muuguzi kijana alikuwa akitafuta mshipa kwenye mkono wake wa kulia. Sindano ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu, Mama Spéciose akainua mkono wa kushoto.

Muuguzi hakuelewa. Raïssa, aliyesimama miguuni pa kitanda, naye hakuelewa. "Nilidhani ananiaga," anasema. "Nikampungia. Mana yanjye, Mungu wangu, mama anaumia, mimi nampungia!"

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Clovis, amekuja kumjulia hali.

"Simama! Huyu iko na mkono."

Muuguzi akatoa sindano. Wote wakangoja. Mama Spéciose akapumua, akapumua tena, kisha akaushusha mkono mwenyewe. Ndipo wakaanza upya, na mshipa ukapatikana.

Siku mbili baadaye alifariki.

Wasikilizaji wapendwa, mimi nimeolewa miaka kumi na tisa na nimelea watoto wanne, na tangu jana najiuliza ni mikono mingapi nimeipungia.

Raïssa, pole sana mwanangu. Poleni majirani wa Batsinda, poleni madaktari aliowafundisha bila kuitwa mwalimu. Mungu ampe pumziko alilokataa kulichukua.

Nanyi mnaonisikiliza, kabla hamjaendelea na mlichokuwa mkikifanya, simameni kidogo. Mtazameni aliye karibu nanyi. Tazameni mkono wake uko wapi.