Bi Ibara, Aliyeanza na Hoja za Mpinzani

Ndugu, jamaa, majirani, wanafunzi wake wa zamani na mawakili wenzake: wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, fundi seremala, ambaye ndiye anayeusoma. Familia ilimchagua kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki anayemjua marehemu tangu utotoni. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali. Anaomba radhi mapema sauti yake ikisikika kavu. Tangu Alhamisi iliyopita hajalia, na hajui kwa nini. Mafundi wanalijua jambo hili: nyundo ikitua kidoleni, kinachotangulia ni ganzi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Septemba 1955, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa karani wa tiketi wa reli na mkewe, fundi cherehani. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili nyuma ya kituo, na treni ya alfajiri ilipopita vikombe vilicheza kabatini. Mdogo wake alizaliwa miaka sita baadaye, akawa mteja wake wa kwanza. Mwaka 1967 mteja huyo alirusha jiwe na kuvunja kioo kikubwa cha kinyozi wa jirani. Kinyozi akaja amewaka hasira, mkanda mkononi. Marehemu, msichana wa miaka kumi na mmoja, alisimama mlangoni akamwambia, "Subiri kidogo, baba. Acha kwanza nimweleze Mama ulivyoonewa." Akaeleza. Kwamba kioo kilikuwa kimoja tu, kwamba kesho yake ilikuwa Jumamosi na wateja wangejaa, kwamba mtoto alikimbia wala hakuna mtu mzima aliyekwenda kusema pole. Kinyozi alimsikiliza mpaka mkanda ukashuka. "Ndivyo hasa," akasema, akavuta kigoda akakaa. Hapo ndipo marehemu alipoanza kumtetea mdogo wake. Kinyozi alipoondoka, Mama aliuliza, "Sasa wewe ulikuwa unamtetea nani?" Akajibu, "Wote wawili, Mama." Adhabu ilikuwa kufagia nywele kwa wiki mbili. Aliyefagia mpaka leo hawezi kuvumilia harufu ya mafuta ya nywele.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1969, akamaliza kidato cha sita 1974. Shahada ya sheria aliipata chuo kikuu mwaka 1978. Tarehe 17 Desemba 1979 aliapishwa kuwa wakili. Tarehe hiyo ilitusumbua kuipata, na tutairudia. Kuanzia 1980 hadi 1984 alisoma ng'ambo, akatunukiwa uzamivu katika sheria ya kimataifa kwa tasnifu kuhusu mito inayopita katika nchi zaidi ya moja: ni nani mwenye haki ya maji, na mpaka unabaki wapi mto ukihama. Mdogo wake alijaribu kuisoma. Alifika ukurasa wa tisa.

Alifundisha chuo kikuu kuanzia 1985 hadi alipostaafu mwaka 2016, akiwa profesa tangu 1998. Wanafunzi ndio waliompa jina la Bi Ibara, kwa sababu mtu akitoa madai yoyote, yeye aliuliza, "Ibara ya ngapi?" Jina likamganda, na tabia ikahamia nyumbani. Mume akisema wamechelewa, aliulizwa ibara. Mtoto akisema ameshiba, aliulizwa ibara. Mchuuzi mmoja wa viatu aliyeapa kwamba viatu vyake ni ngozi tupu aliulizwa ibara, akapunguza bei bila kujua kosa lake.

Ofisi yake ya uwakili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani: chumba cha mafaili na chumba cha meza. Meza hiyo ilitengenezwa na mdogo wake mwaka 1986. Marehemu aliagiza iwe pana kiasi cha kufungua madaftari makubwa mawili, na iwe na droo moja. Upana ulipatikana. Droo ilitoka na kasoro: mbao haikuwa imekauka vizuri, ikavimba, ikawa haifunguki ila uiinue kidogo upande wa kushoto ndipo uvute. Fundi aliona aibu, akaomba aipige randa. Marehemu alikataa katakata. "Iache. Siri ya droo tunaijua wawili tu, inatosha." Waliokuwa wakifanya kazi naye waliamini ni pambo.

Kwenye meza hiyo alifanya kazi kwa njia yake moja. Kila kesi ilikuwa na daftari lake. Ukurasa wa kushoto aliandika hoja za mpinzani, na aliziandika kwanza, kwa nguvu zake zote, kana kwamba yeye ndiye aliyelipwa kuzitetea. Akiridhika kwamba hata mpinzani mwenyewe asingezisema vizuri zaidi, aliandika chini yake neno moja: Nimemsikia. Kabla ya neno hilo, ukurasa wa kulia haukuguswa. Kwa njia hiyo alisimama mbele ya mahakama za kimataifa mara kumi na moja, akitetea zaidi nchi ndogo zenye mito mikubwa. Mawakili wa upande wa pili walikuwa wakisema, nusu kwa utani, kwamba ukitaka kujua ubora wa kesi yako, nenda ukamsikilize Bi Ibara.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na daktari wa meno. Wenzake walitania kwamba ameolewa na mtu pekee mwenye ruhusa ya kumwambia mtu afungue mdomo kisha asiseme kitu. Waliishi kwa upendo miaka thelathini na sita, wakajaliwa binti, ambaye sasa ni mfamasia, na mtoto wa kiume, mhandisi wa maji.

Anayesoma angependa kuruka mwaka 2017. Lakini marehemu hakupenda faili lenye kurasa zilizonyofolewa.

Mwaka huo Mama yao alikuwa mgonjwa nyumbani kwa mdogo wake. Marehemu alikuwa ng'ambo, kwenye kesi ya mto uliohama baada ya mafuriko na kuviacha vijiji vitatu katika nchi isiyo yao. Jumapili tarehe 19 Februari mdogo wake alimpigia simu.

"Dada, Mama anakuulizia. Njoo."

"Amezidiwa?"

"Anakuulizia, nimekwambia."

"Nipe siku nne, mdogo wangu. Jumatano nasimama kuzungumza. Nikishuka tu, napanda ndege."

Mama alifariki Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, marehemu akiwa amesimama mbele ya majaji. Akazikwa Ijumaa. Marehemu alifika Jumamosi na sanduku lake, na mdogo wake, mbele ya watu, akamwonyesha viti vya nje: "Wageni wanakaa kule." Marehemu alikwenda akakaa kule. Neno hilo lilitoka kinywani mwa anayesoma, na leo analirudisha hadharani kwa kuwa lilisemwa hadharani.

Mwezi Aprili ikaja barua. Kurasa tatu zilizopigwa chapa, aya kumi na nne zenye namba, kila aya ikijibu lawama moja: ratiba ya mahakama, tiketi, taarifa ya daktari iliyosema Mama ana nafuu, wanakijiji elfu sita waliomtegemea. Hakuna aya iliyokuwa ya uongo. Mdogo wake aliisoma karakanani akiwa amesimama, akachukua penseli ya kupimia mbao, akaandika chini: "Nimesoma aya zote kumi na nne. Sijaona mahali ulipoandika kwamba Mama amekufa." Akairudisha kwa posta. Hiyo ndiyo kesi pekee, katika maisha yake yote, ambayo marehemu alianza na upande wake.

Mwaka uliofuata mahakama ilikubali hoja zake tatu kati ya nne, na vijiji vikabaki kwao. Picha yake ilitoka gazetini. Mdogo wake aliikata, akaiweka ndani ya sanduku la vifaa, hakumwambia mtu. Ndugu hao wawili hawakusemezana kwa miaka saba.

Oktoba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Mwanzoni mwa Machi mwaka huu mumewe alipiga simu: "Shemeji, njoo. Usiniulize ibara." Mdogo wake alifika Alhamisi, tarehe 7, saa tisa alasiri. Alisimama mlangoni mwa wodi bila kujua mikono aiweke wapi.

"Umenenepa," dada akasema.

"Wewe umekonda."

"Huo mlango unalia usiku kucha. Huna bisibisi?"

Alikuwa nayo. Akakaza bawaba, akaondoka. Tangu siku hiyo alikuja kila Alhamisi saa tisa. Walizungumza juu ya mlango, ya uji usio na sukari, ya kinyozi na kioo chake. Kuhusu Mama hawakusema lolote. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Alhamisi moja ya Mei, marehemu alisema, akiwa amefumba macho, "Ile droo bado inakwama."

"Nitakuja kuipiga randa."

"Usiipige randa. Ifungue tu."

"Haya, Dada. Nikipata nafasi."

Alidhani ni maneno ya mgonjwa. Hakupata nafasi. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa sita mchana, mumewe na watoto wakiwa kando yake. Mdogo wake alifika saa tisa, kama kawaida, na chupa ndogo ya mafuta ya bawaba.

Juzi Jumapili tulikuwa tukitafuta tarehe ya kuapishwa kwake kwa ajili ya wasifu huu. Watoto walipiga simu kutoka ofisini: "Mjomba, cheti hatukioni. Imebaki droo, tunataka kuivunja." Akawaambia wasiiguse. Akaenda, akainua kidogo upande wa kushoto, akavuta.

Cheti kilikuwemo. Chini yake palikuwa na daftari moja, la Novemba mwaka jana. Ukurasa wa kushoto uliandikwa juu: Hoja za mdogo wangu. Zilikuwa saba, kwa mwandiko uliokwisha kuanza kutetemeka. Ya kwanza: kulikuwa na wakili wa pili, angeweza kusimama badala yangu. Ya tatu: alimgeuza Mama kitandani peke yake miezi mitano, mgongo wake mwenyewe ukamharibikia, hakuniambia kwa sababu sikuuliza. Ya sita: Mama hakuhitaji wakili, alihitaji binti. Ya saba: barua yangu. Mdogo wake alikaa kwenye kiti cha marehemu akazisoma zote, na hakuna hata moja ambayo yeye mwenyewe angeweza kuisema vizuri hivyo. Chini kabisa: Nimemsikia.

Ukurasa wa kulia uliandikwa juu, Hoja zangu. Chini yake hakukuwa na kitu. Alifunua kurasa zote mpaka jalada la nyuma. Hakukuwa na kitu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wanafunzi wasiohesabika, na mdogo mmoja. Mdogo huyo ameketi na daftari hilo usiku wa juzi na wa jana akijaribu kumwandikia dada yake ukurasa wa kulia, kwa sababu hakuna kesi inayofungwa upande mmoja haujazungumza. Amepata mistari miwili tu, kwa penseli ya kupimia mbao. Kwamba Mama, asubuhi ile, alipoambiwa binti yake amesimama mbele ya majaji, alitabasamu, akasema, "Mwacheni amalize." Na kwamba mdogo wake aliyasikia maneno hayo, akayaficha miaka saba.

Sasa yamesemwa. Dada yangu, nimekusikia. Pumzika.