Kiti cha Profesa Gia

Pale Gerezani, jirani na Kariakoo, nyuma ya maduka ya spea, kuna benchi la mbao, na kando yake kiti kimoja cha mbele cha gari kilichofungwa bolti juu ya kreti. Benchi ni la wote. Kiti ni cha yule anayejua magari kuliko wenzake, na sheria yake ni fupi: likiulizwa swali la spea kahawa ikiwa bado ipo kwenye dele, mwenye kiti ajibu, la sivyo ainuke akakalie dumu la oili. Hashimu, aliyeiaga shule kidato cha pili na kujipa mwenyewe cheo cha Profesa Gia, alikuwa hajainuka tangu mwezi uliopita. Asubuhi hiyo alikilaza kiti nyuma kidogo, akapuliza kikombe, akafungua darasa.

— Toyota mnayoiona haikuanza na gari. Ilianza na mashine za kufuma vitambaa.

Jovin, muuza rimu ambaye kijiweni anaitwa Rimu, alipaliwa na kahawa.

— Vitambaa?

— Vitambaa, mwanangu. Mzee wa ukoo wa Toyoda aliunda mashine ya kufuma. Uzi ukikatika, inasimama yenyewe. Mwanaye ndiye akaleta habari za gari. Miaka ya thelathini hiyo, babu yako anaota meno.

— Babu yangu muache. Mimi najua walianza na baiskeli ya miguu mitatu. Siku moja fundi kapitiwa, kaongeza tairi la nne.

Mzee Sadalla, fundi mstaafu, alicheka mpaka kofia ikateleza.

— Nyote hamjui. Gari lenyewe la Toyota alilibuni mtu aliyewahi kuishi Bongo. Alipita barabara ya Msimbazi wakati wa masika, akayaona yale mashimo, akalia. Akarudi kwao akachora springi.

— Na usukani akauweka kulia, akadakia Rimu, ili dereva amsikie vizuri trafiki wa pale makutano ya Fire. Mzee, huyo mtu alikaa benchi hili hili. Mimi nakalia alama yake.

Walicheka, na Hashimu akaumia. Siku zote akiwapiga kamba wanatikisa vichwa kwa heshima. Leo kasema kweli tupu, wanamfanya katuni.

Muuza kahawa, Zakayo, akalitikisa dele.

— Kimebaki kikombe kimoja, wakubwa.

Kikombe kimoja tu, na kiti ni chake mpaka kesho. Hashimu akakunja nne.

— Haya, mnaobisha, niulizeni. Spea yoyote yenye jina la Toyota, kuanzia nati mpaka boneti. Nikikosa duka lake hapa Gerezani, nyoeni nywele zangu.

Hapo ndipo akatokea dada mmoja, kashika kifurushi cha kanga.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, mwanangu, akaitikia Mzee Sadalla. Karibu.

— Ahsante. Naitwa Mwanamkuu, nashona pale Kariakoo. Nimesikia huyu kaka anajua spea zote za Toyota.

— Zote, dada, akasema Hashimu. Petroli au dizeli?

— Ya kukanyaga kwa mguu.

Akafungua kanga. Ndani mlikuwa na kikasha kidogo cha chuma, kimepasuka.

— Hiki kinakaa chini ya sindano, kinashika bobini. Cherehani yangu ya mtumba, nina sare za harusi za kumaliza. Duka lipi wanauza?

Akawaonyesha picha kwenye simu. Ubavuni mwa cherehani, herufi kubwa: TOYOTA.

Rimu aliishika simu kwa mikono miwili.

— Kumbe kweli vitambaa.

Kifua cha Hashimu kikajaa. Akataka kuwaambia, si niliwaambia. Lakini swali lilikuwa bado limesimama mbele yake, na Zakayo naye kasimama na dele, hajamimina. Hashimu akatazama maduka: bampa, shokapu, taa za nyuma, bampa tena.

— Uzi umekatika, akasema Mzee Sadalla. Mashine imesimama yenyewe.

Hashimu akainuka taratibu, akakipangusa kiti kwa kofia yake.

— Kaa, dada.

Akaenda kwenye dumu. Mwanamkuu akakaa, akaegemea, akapewa kile kikombe cha mwisho.

— Kiti kizuri, alisema. Sasa jamani, ni duka lipi?

Zakayo akaligeuza dele juu chini.

— Kahawa imeisha, dada. Maswali mpaka kesho.