Mchungaji Bethwel Kiplangat Rono: Aliyeagwa Kabla ya Kuondoka

Sinodi ya dayosisi yetu iliazimia, Agosti 2021, kwamba hakuna mchungaji atakayeshinikizwa kujiuzulu akaachwa peke yake. Kamati ya Kuwatunza Watumishi ingetembea naye hatua kwa hatua. Mchungaji Bethwel Kiplangat Rono aliunga mkono azimio hilo kwa kuinua mikono miwili, akaambiwa mmoja unatosha.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Chebunyo, mtoto wa tatu wa mzee Rono na mama Chepchirchir. Alisoma shule ya msingi papo hapo, akamaliza sekondari mwaka 1982, kisha akapima majani ya chai kwa miaka minne katika kituo cha wakulima. Mizani yake haikujua shemeji. Aliingia chuo cha Biblia 1987, akawekewa mikono 1991, akahudumu Fort Ternan, Mulot, na hatimaye kanisa hili letu la Bomet.

Mwaka 1989 alimwoa Caren Chepkurui, aliyeyasikiliza mahubiri yake yote Jumamosi akikama. "Baba Cherotich," alikuwa akimwambia, "hata ng'ombe amesinzia. Punguza."

Mwaka 2022 aliwaombea kanisani akina mama wachuma chai waliopoteza kazi kwa sababu ya mashine. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ambaye hukodisha mashine hizo, aliona ombi limemlenga. Mchungaji alitakiwa ajiuzulu, akakataa. Jumapili tarehe 20 Novemba alikuta hema, sufuria za chai na wageni. Mwenyekiti akaja na blanketi, ambalo kwetu mzee huvishwa anapoagwa kazini.

"Ukivaa hiyo, umeaga," Caren alimnong'oneza.

"Nikiikataa, nimewatukana."

"Pasta, vaa bwana, wageni wanaangalia!" mwenyekiti akasema.

Akavaa, akashukuru. Kumbukumbu za kikao zikasema amestaafu kwa furaha.

Aliiandikia Kamati barua tatu. Ilijibu moja: asubiri ripoti ya wazee. Wazee wakasema hawana la kuripoti, picha zake akiwa na blanketi zipo. Tangu hapo, kila simu ilipolia, alifunga kifungo cha shati kabla ya kupokea.

Ugonjwa wa sukari, aliokuwa nao tangu 2015, ulimzidi Desemba iliyopita. Alilazwa hospitalini, akafariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, akiwa na miaka 62.

Ameacha mjane, Caren. Watoto Cherotich, Molly na Jairus. Na wajukuu wanne. Mola ampe utulivu ambao sisi hatukumpa.

Ibada ya leo inaongozwa na mchungaji wa Mulot, kwa kuwa aliyemrithi marehemu hapa alijiuzulu Jumapili iliyopita.