Vituo Mia Mbili na Kumi na Vinne: Maisha ya Elkana Kipngetich Sawe

Wachungaji, wazee, akina mama, majirani wa Kesses na wa Yamumbi, na wageni wote mliofika leo Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025, familia ya Mzee Joseah Sawe inawasomea maisha ya mwana wao, nayo inaomba yasikilizwe hadi mwisho, kwa sababu katikati yamo mambo ambayo kwa kawaida hayasomwi mbele ya jeneza.

Marehemu Elkana Kipngetich Sawe alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Mei 1984, hapa Kesses, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Joseah na Mama Rael Sawe, wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na tangu utotoni alijulikana kwa upole, kwa kufungua redio za watu ili aone kilichomo, na kwa kutouliza njia hata alipokuwa amepotea. Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia 1990 hadi 1997, akaingia sekondari 1998 na kumaliza 2001, akakaa nyumbani miaka miwili akikamua na kungoja, kisha akasomea kompyuta katika kampasi ya Chepkoilel kabla haijawa chuo kikuu cha kujitegemea, akahitimu Desemba 2008.

Kazi yake inahitaji maelezo marefu, kwa hiyo tutangulize ndoa. Jumamosi, tarehe 15 Desemba 2012, alifunga pingu za maisha na Purity Jepkemboi, mwalimu wa shule ya msingi, wakajenga Yamumbi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kibet aliyezaliwa 2014 na Jerop aliyezaliwa 2017, ambao wako hapa mstari wa mbele.

Mwaka 2011 Elkana aliajiriwa na Bwana Ondiek, mwenye ofisi ya kutengeneza tovuti mjini Eldoret, na mapema mwaka 2018 ofisi hiyo ilipewa kazi na mfuko mmoja wa ufadhili uliokuwa ukiwalipia karo watu wenye ulemavu wanaotaka kusomea ualimu, maombi yote yakitakiwa kupitia fomu ya mtandaoni. Elkana aliifurahia kazi ile kuliko zote. Alisoma peke yake kwamba asiyeona hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti, kwamba hashiki mausi bali kibodi, na kwamba kitufe cha Tab humtoa mahali pamoja na kumpeleka pengine, akawaza kwamba kama ni Tab inayombeba mtu, basi imfikishe kila mahali asikose neno hata moja. Akaweka kituo cha Tab kwenye kila kichwa, kila aya, kila sharti na kila picha, na ili mtu asipotee njiani akazima vitufe vingine vyote vya kurukia. Alimwambia Jepkemboi kwamba kwa mara ya kwanza ametengeneza kitu chenye huruma. Asiyeona hata mmoja hakuulizwa.

Maombi yalifungwa Alhamisi, tarehe 31 Mei 2018. Jumatatu iliyofuata, tarehe 4 Juni, alifika ofisini dada mmoja na fimbo nyeupe na kompyuta yake begani, jina lake Linah Nasike, mzaliwa wa Bungoma aliyekuwa amepanga chumba hapa Kesses, akauliza ni nani alitengeneza fomu ya wafadhili. Wenzake wakamtazama Elkana, naye akainuka akitabasamu, kwa kuwa alidhani ameletewa shukrani.

"Ni wewe? Basi vuta kiti, kaa hapa, bonyeza Tab na mimi, na uhesabu kwa sauti."

Akahesabu. Programu ilisoma historia ya mfuko, ikasoma masharti, ikasoma maelezo ya picha ya jengo na ya mwenyekiti wa mfuko, na Linah akasema, "Hata mwenyekiti umeniwekea nisimame nimsalimie," watu wakacheka, Elkana hakucheka. Wasioona wana vitufe vyao vya kuruka kutoka kichwa hadi kichwa na kuchagua aya wanayoitaka, na Tab ni ya kuwafikisha tu pale pa kujaza au pa kubonyeza, lakini vile vitufe vingine alikuwa amevizima yeye mwenyewe. Fomu, kwa usalama, ilimfukuza kila aliyezidisha dakika ishirini, nayo ikawafukuza wote wawili walipokuwa kituo cha tisini na sita. Vituo vyote, alivyohesabu baadaye, vilikuwa mia mbili na kumi na vinne, na kitufe cha Tuma kilikuwa cha mwisho.

"Mara nne nimefika hapo nikatolewa," Linah akasema. "Wa saiba, pale pa kukodi kompyuta, aliniambia nimpe kitambulisho na pasiwadi anijazie. Kwani mambo yangu ni ya saiba?"

Elkana alifungua kumbukumbu za mtambo siku hiyohiyo, akakuta watu thelathini na saba walioanza fomu, wakafukuzwa, wengine mara tano, wasitume kamwe, na hakuweza kujua nani kati yao alikuwa haoni na nani alikatikiwa na mtandao tu. Bwana Ondiek alimwambia mteja hajalalamika, aiache, na ofisi ilikuwa na kazi nyingine, hivyo tusimhukumu. Lakini idadi ile haikumtoka Elkana, na Jepkemboi anasema kwamba alianza kukaa mezani akigongagonga kidole kana kwamba bado anahesabu.

Maombi yalifunguliwa tena mwaka uliofuata, mwisho ukiwa Ijumaa, tarehe 31 Mei 2019, saa kumi na moja jioni, na Linah alikuwa anakaribia miaka thelathini, umri ambao ndio ukomo wa mfuko ule, kwa hiyo hapakuwa na mwaka mwingine wa kungoja. Elkana alikuwa ameijenga fomu upya, Linah akiijaribu hatua kwa hatua, vituo vikashuka hadi ishirini na vitatu. Wafadhili walichelewa kuikubali, ikawekwa hewani Ijumaa yenyewe saa sita mchana, na saa tisa Linah akaketi ofisini kuijaza, akiwa ameweka sharti moja, kwamba asiguse mtu kibodi yake.

Alifika kwenye Tuma saa kumi na dakika kumi, akabonyeza, na sauti ikanyamaza. Akabonyeza Tab, programu ikaanza kumsomea ukurasa kutoka juu. "Imeenda?" akauliza.

Haikuwa imeenda. Kwenye skrini kilikuwa kimefunguka kisanduku kidogo chenye swali, una hakika unataka kutuma, ambacho wafadhili walikiomba Alhamisi na Elkana akakiweka upesi bila kumwambia Linah, na kwa anayeona kilikuwa wazi kabisa, lakini kibodi ilikuwa imebaki nyuma yake, ikitembea kwenye ukurasa uliofunikwa, isiweze kuifikia Ndiyo. Elkana alimweleza hivyo, na kwamba kosa ni lake tena. Bwana Ondiek, kwa nia njema, akanyoosha mkono kwenye kompyuta. "Si nibonyeze tu hiyo Ndiyo, mambo yaishe?"

"Mzee, toa mkono. Na wale wako nyumbani saa hii wamekwama hapo, utawabonyezea?"

Hapo zilikuwa zimebaki dakika arobaini na tano. Elkana alirudi kwenye meza yake, akarekebisha kibodi iingie kwenye kisanduku, ikaingia, lakini Tab ikaitoa tena, akarekebisha isitoke, ikagoma kutoka kabisa hata mtu akitaka kurudi kusahihisha, na kila mara Linah aliijaribu na kusema neno moja tu, "Bado." Jepkemboi alimpigia simu, hakuishika. Saa kumi na dakika arobaini na nne aliweka hewani rekebisho la mwisho, na kwa kuwa ukurasa ulikuwa mpya, yote aliyojaza Linah yakafutika, akaanza kuandika upya tangu jina lake, na Elkana akarudi kukaa kando yake, ameikalia mikono yake miwili ili isimsaliti. Saa kumi na dakika hamsini na saba Linah alibonyeza Tuma. Sauti ikauliza kama ana hakika, ikataja kitufe cha Ndiyo, akakibonyeza, na baada ya kimya ambacho Elkana alisema kilikuwa kirefu kuliko mwaka mzima, ikasema ombi lako limepokelewa.

Kumbukumbu zilionyesha kwamba watu watatu wengine walikwama kwenye kisanduku kile mchana huo, wawili wakarudi wakatuma kabla ya saa kumi na moja, mmoja hakurudi. Linah alipata ufadhili, na leo ni mwalimu. Tangu siku hiyo Elkana hakutoa kazi yoyote, hata ya kurasa mbili, kabla haijapitiwa na asiyeona na kibodi yake. Kwa ruhusa ya wafadhili aliwaandikia pia wale thelathini na saba, kumi na mmoja wakajibu, na wanne kati yao hawakuwa wakiona. Ishirini na sita hawakujibu.

Januari 2024 alianza kushindwa kumeza, na tarehe 19 Februari madaktari wakamwambia ni saratani ya koo. Alitibiwa hapa Eldoret kwa mwaka mmoja na nusu, sauti ikapungua, kisha ikaisha, na Julai mwaka huu aliandika kwenye karatasi kwamba siku yake ikifika, kosa la 2018 lisomwe pamoja na mengine. Familia haikukubaliana. Mzee Sawe alisema mtoto wake hakuiba, mbona asomewe kosa mbele ya watu, siku mbili baadaye akasema, "Kama aliomba, lisomwe, lakini msome na la mwaka uliofuata." Elkana alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Yamumbi waliomlimia Jepkemboi shamba na kuwalisha watoto, Bwana Ondiek na wafanyakazi wenzake waliomtunzia meza yake ya kazi hadi mwisho, na Mwalimu Linah Nasike, ambaye ameketi pale karibu na mlango wa hema. Na ikiwa hapa yupo mmoja wa wale ishirini na sita, au anamjua ndugu aliyeijaza fomu ile Mei 2018 ikamtoa nje, familia inamwomba radhi kwa niaba ya Elkana, kwa kuwa alitaka kuomba mwenyewe na hakujua amtafute wapi, nayo inamsihi asiondoke kabla hajamwona Mwalimu Linah, maana Elkana alimwachia karatasi ya majina yao.

Kipngetich, mwana wetu, lala sasa kwa amani.