Teofil Hădărean, Mtunza Viwanja Kumi na Viwili vya Nyasi (1948–2024)

Baba yetu Teofil alizaliwa tarehe 14 Februari 1948 hapa Poiana Săcii, katika milima ya Apuseni, Romania, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Gavril na Saveta. Alibatizwa katika kanisa hilihili ambamo leo tumemwombea.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha shule ya kilimo mjini Turda, akamaliza mwaka 1966.

Tarehe 3 Aprili 1967 aliajiriwa na kituo cha utafiti wa malisho. Alitunza viwanja kumi na viwili vya nyasi vilivyoanzishwa mwaka 1961. Vingine vilitiwa samadi, vingine havikutiwa kitu. Vyote vilikatwa tarehe ileile kila mwaka, na mimea yake ikahesabiwa. Majirani walimtania, "Wenzako wanalima, wewe unahesabu maua!"

Aprili 1979 theluji ilikuwa imeangusha vigingi vya kutambulisha viwanja. Baba alihesabu kuanzia upande usio sahihi, akamwaga samadi kwenye kiwanja cha saba, ambacho hakikupaswa kutiwa kitu. Mwenzake Grigore alimwambia, "Nyamaza, bwana. Ikinyesha mvua moja tu, nani atajua?" Baba akajibu, "Nyasi zitajua." Akaliandika kosa daftarini kwa jina lake mwenyewe. Kwa adhabu alihamishiwa zizini mwaka mzima. Ua la arnika, linalochuliwa kwenye viungo vinavyouma na lisilostahimili samadi, likatoweka katika kiwanja hicho.

Mwaka 2004 mkurugenzi mpya alitaka eneo lote lilimwe viazi. "Mzee, miaka arobaini na tatu mnakata nyasi tu. Matokeo yako wapi?"

"Umeyakanyaga, bosi. Sogea kidogo."

Mtafiti Ilinca Sabău aliyasoma madaftari yote. Aliona kwamba arnika ilirudi kiwanja cha saba mwaka 2002, miaka ishirini na mitatu baada ya samadi ya siku moja. "Tungepima miaka kumi, tungeandika kwamba haitarudi," alimwambia mkurugenzi. "Na mzee huyu angeficha kosa lake, tusingejua hata kwa nini ilipotea." Viwanja vikaachwa bila kulimwa. Baba alistaafu mwaka 2013, lakini hakuacha kwenda.

Tarehe 5 Novemba 1972 alifunga ndoa na mama yetu Ludovica. Mama anasema wakati wa uchumba alipelekwa kuviona viwanja, akakatazwa kuchuma hata ua moja.

Mwaka 2021 kiharusi kilimpooza mkono wa kulia. Alikaa kitini pembeni akimfundisha dada yetu Rafila kutumia mundu wa mpini mrefu: "Taratibu, binti. Hunyoi kondoo." Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 30 Juni 2024, alfajiri, akiwa amepokea Komunyo Takatifu.

Viwanja hukatwa tarehe 2 Julai, nayo ndiyo siku ya leo. Tulimuuliza Padre Valer tufanyeje, maana tukichelewesha hata siku moja, hesabu ya mwaka inaharibika. Akasema, "Jeneza litasubiri hadi mchana. Kateni." Ndiyo sababu ibada imeanza saa nane. Vyote kumi na viwili vimekatwa, na Rafila ameandika daftarini mwaka wa sitini na nne.

Ameacha mjane, Ludovica. Watoto wawili, Rafila na Axente. Wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Mungu amsamehe, amlaze mahali pasipo maumivu wala kuugua. Amina.