Mwacheni Mirriam Akate Utepe

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Bwana Chifu, Pasta Wandera na wazee wa kanisa, ndugu wageni waalikwa, majirani wa Kariobangi: hamjambo? Kiti sikitaki, nitasimama, maana tangu asubuhi roho yangu haijatulia.

Mimi ni Norah Okumu, yule anayewanyoosha viungo mkapiga kelele. Leo tunafungua chumba cha mazoezi, na atakayekata utepe si Mheshimiwa, atanisamehe. Ni Mirriam Mukami, fundi wetu wa nguo, aliyepigwa na kiharusi mwaka jana, mkono wake wa kulia ukakataa kazi.

Nani alisema mkono umekufa? Ubongo ndio hutoa amri, ikashuka kwa uti wa mgongo, ikapita mishipa ya fahamu hadi kwenye misuli. Kiharusi kiliharibu njia huko juu, misuli ikabaki ikingoja amri isiyofika. Ubongo unaweza kujitafutia njia nyingine, lakini mpaka mkono utumike, tena na tena, hata ukikosea.

Nanyi mlifanya nini, akina mama wa kanisa? Mlikuja kwa zamu na maziwa na mkate, Mungu awabariki. Mkamfunga vifungo, mkamshikia kikombe. Alipojaribu kuwamiminia chai, Mama Chege akampokonya birika: "Wee Mirriam, kaa chini! Unataka watu waseme tumekutupa?" Kwetu mgonjwa akijihudumia, jirani ndiye huona aibu. Ndugu zangu, upendo wenu nusura uumalize mkono ule! Nilikasirika, na bado sijapoa.

Haya Mirriam, shika makasi. Mzee Thuo, usiinuke kumsaidia, rudi kitini.

"Sista, si umsaidie tu!" Nimekusikia huko nyuma, na jibu ni hapana. Kufumba ngumi si shida yake. Shida ni kufungua vidole, na makasi yanataka yote mawili. Anatoka jasho, mimi naogopa kuliko yeye. Mama Chege, ikibidi ikalie hiyo mikono yako.

Umekata nusu. Sasa fungua. Usiharakishe, anayetaka kwenda aende.

Umeanguka! Utepe umeanguka!

Pasta, asante kwa chumba. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza na kunivumilia. Makofi ngojeni kwanza: makasi bado yamo mkononi mwake, na atayaweka mezani mwenyewe.