Profira Cojocari, Mpima Tochi wa Lespezeni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama kuna sufuria jikoni, punguzeni moto kwanza. Leo tunamkumbuka Profira Cojocari, mpima tochi wa mahandaki ya divai ya Lespezeni. Profira Cojocari alifariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka themanini na mmoja. Mimi ni Ruxanda, binti Eftimie. Sauti yangu leo haiko sawa. Mtanivumilia.

Nasema mpima tochi, na najua vijana mnacheka. Hiyo nayo ni kazi? Ilikuwa kazi, tena kazi ya watu. Chini ya kijiji chetu mahandaki ya mawe ya chokaa yanakwenda kilomita kwa kilomita, chupa zimelala humo, na enzi hizo umeme ulikuwa unaishia njia panda ya tatu. Ukishapita hapo, umebaki wewe, tochi yako na Mungu wako. Mlangoni palikuwa na stoo ya tochi. Stoo hiyo ilikuwa mikononi mwa Shangazi Profira, kama kijiji kizima kilivyomwita, kwa miaka thelathini na minne.

Tochi za kuchaji zilipoanza kuletwa, kila sanduku lilikuja na maneno yake matamu. Shangazi hakuyasoma. Alichukua tochi moja, akaichaji mpaka ijae, kisha akaingia nayo kwenye chumba kimoja cha mawe karibu na mlango. Alibeba kigoda, blanketi, saa ya mezani yenye kengele na chupa moja. Chupa aliiweka hatua kumi mbele yake. Tochi aliishika mkononi saa zote, hakuiweka mezani, maana alisema hajamwona mtu anayetembea na meza. Dakika aliyoshindwa kusoma karatasi ya ile chupa, ndiyo dakika tochi ilipokufa. Haijalishi kama bado ilikuwa na kile kimwanga chekundu cha kudanganya watu.

Akitoka, anaiangusha kwenye jiwe mara tatu. Anaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Halafu anaifunga uzi wa kuonyesha inawaka saa ngapi. Uzi mweupe, saa nne. Uzi mwekundu, saa saba. Na kwenye daftari anaandika maoni yake. Nimeliona daftari hilo. Tochi moja ameiandikia: "Inaringa bure." Nyingine: "Nzito kama deni, lakini haikuangushi."

Mkurugenzi mmoja aliwahi kumjia juu. "Profira, sanduku linasema saa kumi na mbili. Wewe unaandika tano. Unataka kunifukuzia wauzaji?"

"Bosi, basi chukua hilo sanduku likumulikie."

Masanduku yalirudi yalikotoka. Yule mama hakuwahi kusema uongo juu ya tochi. Naomba mlishike hilo, wasikilizaji wapendwa. Hakuwahi kusema uongo juu ya tochi. Nitalirudia.

Na alikuwa na somo moja. Hakumpa mtu tochi bila kumsomea somo hilo, hata kama mtu huyo alikuwa na miaka ishirini kazini. "Ukikwama, zima. Kaa chini, zima. Mwanga ni wa kutembelea. Ukisikia nyayo, ndiyo uwashe, wakuone."

Baba yangu, Eftimie, alikuwa akimtania. "Shangazi, hizi tochi unazibembeleza hivi, utaolewa nazo?"

"Ningeolewa na wewe, lakini huwaki hata saa moja. Haya, potea! Ukikwama ufanyeje?"

"Nizime, shangazi."

"Mtoto mzuri."

Baba alikuwa mkagua dari. Kazi yake ilikuwa kupita mahandaki ya mbali, kugonga mawe kwa nyundo na kusikiliza. Miaka ishirini na mitatu iliyopita, siku ya Jumanne, aliingia saa moja asubuhi na tochi yenye uzi mwekundu. Dari likaanguka nyuma yake. Halikumgusa hata ukucha, lilifunga njia tu. Walichimba siku mbili. Zaharia, rafiki yake, ndiye aliyepenya kwanza na taa yake kichwani. Alimkuta Baba ameketi, mgongo ukutani, nyundo pembeni, tochi mkononi. Haikuwa inawaka. Moyo wake ulikuwa umesimama. Daktari alimtazama akasema: alifariki Jumanne ileile, kama saa kumi na moja jioni.

Basi hesabu ikafanywa kila nyumba, na hakuna aliyehitaji kalamu. Kutoka saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni ni saa kumi. Uzi mwekundu ni saa saba.

Wenyewe mnajua kwetu mambo yalivyo. Mtu akikata roho, lazima awe na mshumaa unaowaka mkononi, ndio unaomwonyesha njia. Anayekufa bila mwanga hutangatanga gizani huko aliko. Watu wa nyumbani kwake humbebea mshumaa kila Pasaka, miaka yote, ili apate mwanga walau siku ile moja. Nimesoma chuo kikuu, jamani, lakini nikiwaambia siamini nitakuwa nawadanganya.

Bibi yangu Tecla, mama yake Baba, alikataa jeneza lifungwe. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimeushika mkono wake alipokwenda stoo. Hakusalimu.

"Profira, uzi wako unasema saa saba."

"Ndiyo, Mama Tecla."

"Mwanangu aliishi kumi."

Shangazi aliweka kalamu chini.

"Sijaja kugombana na wewe. Nataka kujua kitu kimoja. Alipokufa, ilikuwa inawaka au haikuwa inawaka? Kila mtu ananipa pole, hakuna anayenijibu. Wewe husemi uongo. Niambie wewe."

Nakumbuka mikono ya Shangazi. Ilikuwa juu ya kaunta na haikuwa na la kufanya. Akasema, "Zaharia ameniletea hiyo tochi jana. Zinatofautiana, Mama. Nipe kesho nzima. Nitaipima hiyohiyo."

Kesho yake, saa moja asubuhi, aliingia kwenye chumba chake na tochi ya Baba. Bibi aliweka kiti mlangoni pa handaki, akaketi. Wanawake walimletea mkate wa kabichi wa moto, hakuugusa. Niliula mimi, na mpaka leo nikiuona mkate wa kabichi nausukuma kando. Saa saba zikapita, Shangazi hajatoka. Bibi akaanza kuhesabu kwa sauti. Saa ya nane. Saa ya tisa. Saa ya kumi ilipopita alinibana mkono mpaka nikalia.

Shangazi alitoka saa kumi na mbili jioni. Alikuwa mweupe kama ukuta wa chokaa, anapepesa macho.

"Saa kumi na moja," alisema. "Hii ilikuwa na betri ya ajabu, Mama Tecla. Imewaka saa kumi na moja kamili. Ilikuwa inawaka. Alikufa na mwanga mkononi."

Bibi alimbusu mikono. Jeneza likafungwa. Bibi aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo, na kila Pasaka alibeba mshumaa wake mmoja, wa kwake mwenyewe. Wa Baba haukuhitajika. Alikuwa akisema barazani kwa kila mpita njia, "Mwanangu alikwenda na mwanga. Profira aliipima."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, Shangazi Profira yeye alibeba mishumaa miwili kila Pasaka. Mmoja ulikuwa wa mumewe, aliyezama mtoni. Huo tuliujua. Wa pili hakuna aliyeujua. Wambea wa kijiji walisema ni wa mtoto wa siri. Mimi nilisimama nyuma yake kanisani mwaka baada ya mwaka, nikautazama ule mshumaa wa pili, na Mungu anisamehe, mimi pia nilicheka.

Jumanne hii mpwa wake, Agripina, alikuja hapa studio na daftari. Alisema, "Dada Ruxanda, kuna ukurasa una jina la baba yako. Sikujua kama nikuletee au niuchome." Ninao hapa mezani. Naomba niusome ulivyo.

"Tochi ya Eftimie. Uzi mwekundu. Swichi ni ya kusukuma, mbele inawaka, nyuma inazima. Nimeikuta imesukumwa nyuma. Haikuisha. Ameizima mwenyewe. Sikuichaji. Nimeiwasha chumbani kama ilivyokuja. Imewaka saa mbili na dakika kumi."

Mistari miwili imeachwa wazi. Kisha:

"Alikuwa akitunza mwanga. Alikuwa akisubiri nyayo. Mimi ndiye niliyemwambia azime. Siwezi kumwambia mama yake. Nimekaa gizani saa nane na dakika hamsini zilizobaki, ili nitoke saa inayofaa."

Naomba dakika moja, wasikilizaji wapendwa.

Narudia, maana lazima nami nilisikie. Tochi ya Baba haikuisha. Alikuwa na saa mbili na dakika kumi za mwanga mkononi, na alikufa gizani, kwa sababu alisikiliza somo. Na yule mama ambaye hakuwahi kusema uongo juu ya tochi alisema uongo mmoja. Akaukalia gizani saa nane na dakika hamsini, asionekane hata na saa yake ya mezani.

Kwenye ukurasa huo kuna mstari mmoja zaidi, wa wino tofauti. Aliuandika baadaye.

"Nimesema alikuwa na mwanga, kwa hiyo kwao hawatambebea mshumaa. Basi nitambebea mimi."

Miaka ishirini na mitatu. Pasaka ishirini na tatu. Kwenye mvua, kwenye theluji ya Aprili, na zile mbili za mwisho akiwa na mkongojo. Nami nyuma yake nacheka, mshumaa wa baba yangu mwenyewe uko mbele ya pua yangu.

Nimemkasirikia, nisiwafiche. Jumanne usiku wote nilimkasirikia. Kwa nini asiniambie mimi, Bibi alipokwisha kuondoka? Agripina alinijibu, "Alijaribu. Alikuja kwako mara tatu na chupa ya divai. Kila mara ulimshukuru kwa ile betri ya ajabu." Ni kweli. Nilimshukuru. Angesema nini?

Alifia hospitalini, mjini, akiwa na mpira wa oksijeni puani. Wauguzi walikataa mshumaa, na walikuwa na haki. Agripina alikuwa na tochi ya kuchaji kwenye mkoba. Akaiwasha, akamwekea mkononi na kumkunjia vidole juu yake. Shangazi akafungua macho, akatazama mwanga ule kwenye dari.

"Umeiwasha saa ngapi?"

"Saa tisa na robo, shangazi."

"Andika."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya Profira Cojocari. Agripina aliandika. Shangazi alifariki saa kumi kasoro tano. Tochi ilikuwa inawaka.

Kwa Agripina na ukoo wote wa Cojocari, kwa Zaharia na wazee wote wa mahandaki waliobebeshwa tochi na somo na mikono ile: poleni sana. Poleni kutoka moyoni. Mungu amlaze mahali penye mwanga. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu mnayemshukuru kila siku kwa neno moja alilosema zamani, leo mkae naye. Msimshukuru. Mwulizeni hali yake, kisha mnyamaze mumpe nafasi.

Bibi Tecla, kama huko mnasikia redio, nisamehe kwa kuyasema haya hewani. Baba, leo nimekwenda dukani kwa Zaharia kununua mshumaa. Aliniuliza ni wa nani, nikamwambia. Alifunga duka, akakaa chini. Pasaka ni wiki tatu zijazo. Nitasimama pale pale alipokuwa akisimama Shangazi Profira, na utauona unakuja. Ukisikia nyayo, Baba, ni mimi. Washa.